Kukusanya Printi za Sanaa ya Mtaani Zenye Sura za Gemu za Zamani: Mwongozo Kamili kwa Mtu wa Tanga

Picha ya kidude cha gemu ya Space Invaders unaipata bure kwenye simu. Ukitaka iwe ya karatasi, steshenari yoyote pale Ngamiani watakutolea A3 ya rangi kabla hujamaliza soda yako. Kwa hiyo anayenunua printi ya toleo maalumu analipia vitu vingine: karatasi yenyewe, mkono wa msanii, na ushahidi kwamba nakala ni hamsini au mia na hazitaongezwa. Ukilishika hilo, mengine yote yananyooka, kuanzia kuchagua hadi kukagua. Kinachobaki ni kazi yetu sisi wa pwani, ya kuilinda karatasi hiyo na hewa ya Tanga, na hiyo ndiyo ngumu kuliko zote.

Jua kwanza vitu hivi vimetoka wapi

Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, kazi ya Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito. Maadui wake aliwachora kwa kuiga viumbe wa baharini: pweza, ngisi na kaa. Mtu aliyezoea kununua kitoweo Deep Sea hahitaji kuelezwa nani ni nani. Kaa ana upana wa miraba 11, yaani pikseli, na kimo cha miraba 8, basi. Kioo cha mashine kilikuwa cha nyeusi na nyeupe, na ile rangi ya kijani watu wanayoikumbuka ilitokana na vipande vya plastiki angavu vilivyobandikwa juu ya kioo. Pac-Man ya Toru Iwatani ilifuata mwaka 1980, Tetris ya Alexey Pajitnov katikati ya miaka ya 1980, na Super Mario Bros. mwaka 1985. Wengi wetu tulizikuta baadaye sana, kwenye mashine za Kichina za kuchomeka kanda na zile brick game za betri.

Mtaa unaingia hapa: mwaka 1998 msanii wa Kifaransa anayejiita Invader, na asiyeonyesha sura yake hadharani, alianza kampeni ya kubandika viumbe hawa kwenye kuta za Paris kwa vigae vidogo, kila kigae kikisimama badala ya pikseli moja. Ameshapita miji mingi duniani, na jirani zetu wa Mombasa wamo. Kazi ya ukutani haiuzwi, na anayeibandua anapata vigae vilivyovunjika tu. Soko lake liko kwenye nakala moja moja za vigae anazotengeneza zikiwa na kitambulisho chake, na kwenye printi. Mbali na yeye, mwaka 2005 yalifanyika Los Angeles maonyesho ya i am 8-bit, ambako wasanii wengi walichora kumbukumbu zao za gemu za miaka ya 1980, na tangu hapo printi za aina hii zimekuwa na wafuasi wao.

Kuna sababu ya kiufundi inayofanya gemu za zamani na printi ya skrini viivane. Katika uchapaji wa skrini, kila rangi ina fremu yake ya kitambaa. Wino unasukumwa kwa raba ukapita kwenye matundu yaliyoachwa wazi, rangi inakaa bapa, kingo zinakuwa kali. Rangi nne maana yake fremu nne na kuvuta mara nne. Sasa angalia mashine: kiumbe kwenye NES, mashine ya Nintendo ya nyumbani, alipewa rangi tatu tu na uwazi, na Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na vivuli vinne. Mashine ilimbana mchoraji, skrini inambana mchapaji, na ndiyo maana Mario wa rangi tatu kwenye karatasi nzito anaonekana yuko nyumbani. Nikiona printi ya "gemu ya zamani" iliyojaa rangi za kufifia kama machweo, imetoka kwenye mashine ya wino, siinunui hata kwa bei ya kutupa. Hayo ni maoni yangu, lakini nayashikilia.

Hatua ya 1: chagua mstari, kisha chagua ukubwa

Usianze kwa kununua kila kinachokupendeza. Chagua mstari mmoja: gemu moja, au msanii mmoja, au printi za skrini za rangi zisizozidi nne. Mstari unakusaidia kukataa, na mkusanyaji anakataa mara nyingi kuliko anavyonunua.

Ukubwa watu huusahau. Printi ya sentimita 70 kwa 100 inahitaji bomba kubwa, kioo kikubwa, fremu nzito na ukuta mkavu. Anza na 50 kwa 70 au chini yake. Kioo cha kipimo hicho kinakatwa hapa mjini bila shida na unakibeba kwenye bajaji.

Hatua ya 2: anzia karibu

Kabla ya kuhangaika na Ulaya, jifunze uchapaji kwa macho. Tanga ina mafundi wa skrini: wale wanaochapa fulana za kampeni, jezi za bonanza na sare za harusi. Mwombe mmoja ukae naye mchana mmoja. Utaona kitambaa kinavyopakwa dawa, kinavyoanikwa juani na mchoro juu yake ili sehemu isiyopata mwanga ibaki laini, kinavyooshwa hadi matundu yafunguke. Utaona pia makosa: rangi ya pili isiyokaa juu ya ya kwanza ikaacha uzi mweupe pembeni, wino uliopungua upande mmoja kwa sababu mkono ulichoka. Kujua makosa haya kutakusaidia zaidi ya kusoma matangazo ya wauzaji.

Ukimjua mchoraji mzuri, mnaweza kutoa toleo dogo wenyewe. Dar es Salaam kuna Wachata Crew, waliochora kuta nyingi, na kuna Nafasi Art Space ambako wasanii wana studio, hivyo hutakosa wa kuongea naye. Andikianeni: nakala ngapi, karatasi gani, nani anabaki na ngapi, na kwamba skrini zitafutwa mbele yenu kazi ikiisha. Skrini ikibaki kwenye kona ya karakana, toleo lenu la nakala 30 halina ukomo wowote.

Mchoro uwe wenu. Mario ni mali ya Nintendo, na Pac-Man ana mwenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, inamlinda mchoraji wa Tanga na inamlinda Mjapani pia. Chora jahazi la pikseli, chora shamba la mkonge la miraba, chora bajaji inayokimbizwa na vizuka. Hata ukiinunua printi halali kwa fedha nyingi, umenunua karatasi ile moja. Haki ya kuirudufu kwenye fulana hukuinunua.

Hatua ya 3: soma pambizo

Chini ya picha, kwa kawaida upande wa kushoto, utakuta namba kama 12/100: nakala ya kumi na mbili kati ya mia. Namba 1/100 haina ubora wowote zaidi ya 87/100, asikudanganye mtu. Badala ya namba unaweza kukuta A.P. (Wafaransa huandika E.A.), yaani nakala za msanii mwenyewe, P.P., za mchapaji, au H.C., zilizotolewa nje ya biashara. Zote ni halali, ila muulize muuzaji ziko ngapi. Toleo la "nakala 50" lenye A.P. 40 lina nakala 90.

Saini nzuri kwa kazi hii ni ya penseli. Penseli inaacha mfereji mdogo kwenye karatasi, na ukiinamisha printi dhidi ya mwanga wa dirishani grafaiti inang'aa kidogo. Saini iliyochapwa iko bapa na ina rangi ya wino wa picha. Tafuta pia muhuri wa kubonyezwa pembeni, usio na wino, ambao karakana nyingi za uchapaji huuweka. Upitishie kidole kwa upole, utausikia.

Kisha chukua kioo cha kukuzia. Cha fundi saa kinafaa sana. Printi ya skrini itakuonyesha rangi moja nzima, na ukingo wake mara nyingine umeinuka kidogo. Picha ya mashine ya ofseti, ile ya kuchapia magazeti na vitabu, itakuonyesha nukta za rangi nne zilizojipanga kama maua. Printa ya wino itakuonyesha vumbi la nukta ndogo zilizotawanyika. Hii ya mwisho si lazima iwe utapeli, maana wapo wasanii wanaochapa kwa wino wa pigmenti kwenye karatasi ya pamba na kusaini. Ila muuzaji aliyeandika "skrini" akakuletea nukta, huyo amekudanganya.

Kama unanunua kwa mbali, omba picha nne: pambizo yote ya chini, saini kwa karibu ikipigwa mwanga wa ubavuni, mgongo wa karatasi, na pembe zote. Muuzaji anayekataa kupiga picha ya mgongo ana kitu mgongoni.

Cheti cha uhalisi kina uzito wa aliyekitoa. Kwa Banksy, msanii wa mtaani wa Uingereza, mathalani, ofisi inayotambulika ni Pest Control, iliyoanza mwaka 2008, na karatasi ya mtu mwingine haisaidii. Kwa wasanii wengi wadogo, risiti ya duka lililotoa printi siku ya kwanza inatosha, na naipendelea kuliko vyeti vyenye nembo za dhahabu vya kampuni usizozisikia popote.

Hatua ya 4: siku ya mauzo

Matoleo mengi hutolewa kwa saa maalumu na kuisha upesi, au kwa droo: unajiandikisha, unasubiri bahati. Hesabu tofauti ya saa mapema, maana saa nne asubuhi ya London kwetu ni mchana. Uwe na kadi inayokubali malipo ya nje, ya benki au ile ya mtandaoni inayotolewa na kampuni za simu, na uijaribu kwa kununua kitu kidogo kabla ya siku yenyewe. Weka salio zaidi ya bei, kwa kuwa gharama ya kutuma huongezwa mwishoni.

Ukikosa, kaa kimya wiki kadhaa. Mara nyingi wanaouza siku hiyohiyo kwa bei maradufu huishusha msisimko ukipungua.

Hatua ya 5: mzigo na forodha

Piga hesabu yote kabla hujabofya. Tuseme printi ni shilingi 300,000 na kutuma ni 150,000. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya 450,000 ni shilingi 81,000, na hapo hujaingiza ushuru wa forodha, ambao nao huongezwa kabla VAT haijapigwa, wala ada za wakala na tozo ndogondogo.

Utambulisho wa mzigo una maana. Kwenye orodha ya forodha, namba 9702 ni ya printi za asili, zile zilizotoka kwenye bamba lililofanyiwa kazi kwa mkono wa msanii bila njia za kimashine wala za kipicha. Picha nyingine za kuchapwa huingia 4911, na skrini iliyotengenezwa kwa kupigwa mwanga kupitia filamu ina hatari ya kuangukia huko. Mwombe muuzaji aandike kwenye ankara njia ya uchapaji, idadi ya toleo na bei halisi, kisha mpe wakala wako wa forodha ankara hiyo kabla mzigo haujafika. Usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo. Mzigo ukipotea, utalipwa kwa bei hiyohiyo ya uongo.

Bomba liwe nene, kipenyo kisipungue sentimita 10, na printi ifungwe kwanza kwenye karatasi laini isiyo na asidi. Bomba jembamba huikunja printi kiasi kwamba wino mzito hupasuka.

Kutoka Dar hadi Tanga, wengi tunatuma kwa basi, na hapo ndipo bomba lililovuka bahari salama linapokuja kufia, kwenye buti, chini ya magunia. Lipia risiti ya mzigo, usimkabidhi konda mkononi tu. Andika jina na simu pande zote mbili za bomba, na omba liwekwe juu ndani ya basi. Bora zaidi, kama kuna mtu wako anayesafiri, mpe alishike. Ukilipokea stendi ya Kange, kagua miisho yake hapohapo mbele ya mwenye ofisi. Likiwa limepondeka, piga picha kabla ya kusaini.

Hatua ya 6: kufungua

Usilifungue siku hiyohiyo. Liache ndani ya nyumba hadi kesho yake ili karatasi izoee joto na unyevu wa chumba. Nawa mikono, kausha, ondoa saa na pete. Panga shuka safi mezani, zima feni, vuta printi taratibu bila kuikwangua kwenye ukingo wa bomba. Itajikunja, iache. Ifunike karatasi isiyo na asidi juu na chini, weka ubao bapa na vitabu juu yake kwa siku chache. Usiipige pasi, hata kama shangazi anasema kitambaa katikati kinatosha.

Hatua ya 7: fremu, hewa na wadudu

Karatasi hupenda unyevu wa wastani, asilimia 40 hadi 55 hivi. Ukungu huanza kupata nguvu unyevu ukipita asilimia 65 na kukaa hapo, na wakati wa masika Tanga hupita hapo kwa urahisi. Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali, ukiweke chumba unachokusudia, ukisome asubuhi na jioni kwa muda kabla ya kutundika chochote. Nyumba mbili za mtaa mmoja kule Raskazone zinaweza kutofautiana sana: moja inapitisha upepo, nyingine ina ukuta unaotoa jasho.

Ukuta wa ndani ni bora kuliko wa nje. Usitundike ukuta unaopakana na bafu, wala mbele ya dirisha linalotazama bahari, maana chumvi inakuja na upepo. Nyuma ya fremu, kwenye pembe zake nne, bandika vipande vidogo vya koki, ile ya vizibo vya chupa za mvinyo, ili hewa ipite kati yake na ukuta. AC ya kuwasha usiku na kuzima mchana ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu karatasi inavuta na kuachia unyevu kila siku mpaka inajikunja mawimbi. Feni na madirisha mazuri vinatosha kwa wengi.

Fundi fremu wa kawaida ana haraka na ana gundi. Mazungumzo huwa hivi:

"Fundi, nyuma usiniwekee hadibodi."

"Sasa kaka, nyuma tuweke nini, hewa?"

"Nimekuja na karatasi ya pamba, na nyuma yake kipande cha ACP. Gundi usiguse kabisa."

"Picha itasimamaje bila gundi?"

Unamtolea pembe ndogo za karatasi, zile za kuchomeka kona za picha. Atacheka: "Si hizi za albamu za harusi za akina bibi?" Ndizo. Zinashika printi bila kuigusa kwa gundi, na siku ukitaka kuitoa inatoka ilivyoingia. Hadibodi na MDF hutoa asidi inayoipaka karatasi rangi ya chai. ACP, yale mabamba ya alumini ya mafundi wa mabango, haipitishi unyevu wala asidi, na mabaki yake huuzwa rahisi. Kati yake na printi weka karatasi ya pamba isiyo na asidi. Mwombe muuzaji wa printi akuviringishie shiti mbili ndani ya bomba lilelile. Selotepu isikaribie.

Kioo kisiguse wino. Mwambie fundi aweke vipande vyembamba pembeni, chini ya ukingo wa fremu, viinue kioo milimita chache. Kwa unyevu wetu, wino ukilala kwenye kioo mwaka mzima hung'ang'ania, na kuuachanisha ni kuuchana. Plastiki ya akriliki yenye kinga ya miale ya jua ni nzuri ukiipata, la sivyo tundika mahali jua la moja kwa moja halifiki saa yoyote. Printi isikatwe ili ienee kwenye fremu, hata milimita moja. Fremu ndiyo iifuate printi.

Zisizotundikwa zilale bapa ndani ya kabati, juu ya rafu, mbali na sakafu na ukuta, maana mchwa huanzia huko. Funika kwa karatasi isiyo na asidi, na usizifunge ndani ya nailoni isiyopitisha hewa, kwa sababu unyevu uliofungiwa ndani ndio unaozalisha ukungu. Weka silica gel, zile punje za kunyonya unyevu, ya kubadilika rangi, na ikishabadilika ikaushe jikoni uirudishe. Nondo-karatasi, wale wadudu wa kijivu wanaoteleza kama samaki, wanapenda wanga, hivyo usitumie maboksi ya biskuti. Vidonge vya nondo visigusane na karatasi. Ukikuta madoa ya ukungu, tenga printi hiyo na wenzake, iache ikauke penye hewa na kivuli, na usifute ikiwa bado mbichi kwa sababu utausambaza.

Hatua ya 8: daftari

Kaunta buku moja inatosha. Kila printi ipate ukurasa: msanii, jina, mwaka, namba ya nakala, njia ya uchapaji, vipimo, ulinunua wapi na kwa kiasi gani, kodi uliyolipa, na kasoro zilizokuwepo siku ulipoipokea. Bandika risiti, na nakala ya picha zake iwe kwenye simu na mahali pengine nje ya simu. Mwambie mtu mmoja nyumbani daftari lilipo na kwamba karatasi zile kabatini si za kufungia vitumbua.

Siku utakapotaka kuuza au kubadilishana, mnunuzi atataka mambo yaleyale uliyoyataka wewe: pambizo, mgongo, risiti, historia. Ukiwa navyo, mazungumzo yanabaki kwenye bei tu. Na bomba la asili usilitupe. Lihifadhi kavu: lina anuani ya duka lililotuma na tarehe ya posta, na utalihitaji kusafirishia.